Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Tangu utotoni nimewasikia watu wazima wakisema kwamba ajali haina kinga. Methali hii husemwa matangani, hospitalini na kando ya barabara, pale umati unapolizunguka gari lililogonga mtu. Nawaheshimu sana wahenga wetu. Hata hivyo, kuhusu mabasi ya shule na watu wanaovuka kwenye makutano ya barabara, mimi naona methali hiyo inatupumbaza. Ajali nyingi za mahali pale zina kinga, ila tumekataa kuitumia.

Mwaka jana, muhula wa pili, nilikuwa karibu na soko la mji wetu. Basi la shule moja lilikuja likakata kona kuelekea kushoto. Mama mmoja mwenye kikapu cha sukuma wiki alikuwa amesimama ukingoni, akingoja lipite ndipo avuke. Sehemu ya mbele ikampita salama. Kumbe gurudumu la nyuma lilikuwa linamfuata! Lilipanda ukingo likakisaga kile kikapu, naye mama akaruka nyuma na kuponea chupuchupu. Watu walijaa pale, wengine wakitaka kumchapa dereva. Dereva naye aliapa, "Haki ya Mungu, nilimwona na nikampita!" Mzee mmoja akawatuliza akisema ajali haina kinga, basi kila mtu akashika njia yake. Mama aliachwa pale akiokota majani.

Mimi sikuridhika hata kidogo. Ikiwa dereva alimwona, ilikuwaje karibu amkanyage? Nilimwendea dereva wetu wa shule, mzee aliyeshika usukani tangu kabla sisi hatujazaliwa. Jumamosi moja, basi likiwa limeegeshwa na injini imezimwa, aliniambia, "Panda kitini pangu, kijana wangu, halafu uniambie unaona nini."

Wenzangu wawili walileta mitungi ya maji ya lita 20, wakaipanga miwili miwili, mmoja juu ya mwingine, hata ikawa na kimo kama cha mtoto wa chekechea. Jozi moja iliwekwa mbele kabisa ya bampa, ya pili kwenye pembe ya kushoto karibu na mlango, na ya tatu mbali kidogo upande wa kulia. Jamani! Ile ya mbele sikuiona kabisa. Ya kushoto pia ilikuwa imepotea. Ya kulia ilifichwa na nguzo ya kioo cha mbele. Nikiinama inatokea, nikiegemea kiti inatoweka. Na hapo basi limesimama tu, hakuna mvua wala matatu ya kunipigia honi nyuma.

Kisha mzee alichukua kijiti akanichorea mavumbini. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuzwa na usukani. Yale ya nyuma hayageuzwi, kwa hivyo kwenye kona hupita njia fupi zaidi, upande wa ndani. Basi likiwa refu, tofauti hiyo huwa kubwa. Huku Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo kona ya kushoto ndiyo inayopita karibu sana na ukingo wanaposimama watu. "Kumwona mtu mara moja hakutoshi," akaniambia. "Mwangalie kwenye kioo cha pembeni mpaka gurudumu la nyuma limpite."

Huenda msomaji akasema kwamba mabasi ya shule siku hizi ni ya manjano, kwa hivyo hatari imepungua. Rangi hiyo ina historia yake. Mwaka wa 1939, Profesa Frank Cyr aliitisha mkutano mjini New York, Marekani, na rangi hiyo ikachaguliwa kwa sababu maandishi meusi husomeka vizuri juu yake alfajiri kabla hakujapambazuka. Ni jambo jema. Lakini rangi humsaidia anayetembea kuliona basi. Haimsaidii dereva kumwona yeye.

Na wanaotembea ndio wanaoumia zaidi. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024, na kundi kubwa kuliko mengine yote lilikuwa la watu wanaokwenda kwa miguu. Hebu tupige hesabu kidogo. Basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kwa kilomita 30, hula mita 8 tu. Dereva akichelewa sekunde moja kukanyaga breki, zile mita 6 zaidi zinaweza kuwa upana mzima wa kivuko cha milia.

Basi kinga ni ipi? Mzee wetu hupunguza mwendo kabla hajafika kwenye makutano. Watu wakiwa kwenye kivuko, husimama nyuma ya mstari hadi wa mwisho akanyage upande wa pili. Kabla ya kuondoka huinama mbele, kisha huegemea nyuma, ili nguzo isimfiche mtu. Kona naye huikata polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Sisi wanafunzi nasi tuna sehemu yetu. Ukishuka, usikatize mbele ya basi. Ngoja liondoke, uone pande zote. Ikiwa humwoni dereva usoni, jua naye hakuoni. Na tukitoka michezoni na kombe letu, nyimbo na ngoma zinyamaze basi likaribiapo makutano, ili dereva asikie mtu akipiga kelele nje.

Mwisho, kwa heshima zote, nina ombi kwa mwalimu mkuu na walimu wetu. Kiti kilicho karibu na mlango kikaliwe na mwalimu au kiranja atakayemwangalizia dereva upande wa kushoto. Pia safari zetu zianze mapema. Dereva anayeambiwa saa mbili kasoro robo kwamba tamasha linaanza saa mbili, na mwendo ni wa nusu saa, ameshanyang'anywa ule muda wa kungoja mama mwenye kikapu avuke. Likitokea la kutokea, tutamlaumu yeye peke yake, au tutasema tena kwamba ajali haina kinga. Tafadhali, tusingoje kufika huko.