Mjadala wa Usiku Ulipofika Asubuhi

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa kaunti, upande huu Kisii na upande ule Nyamira. Lakini katika hoteli yetu mpaka uliokuwepo usiku ulikuwa mwingine: waliotazama mijadala ya runinga walikuwa wanaume pekee. Wanabodaboda, makondakta na walimu tulijazana hadi mwenye hoteli alipotaka kufunga. Mtangazaji Jeff Koinange tulimzoea tangu enzi za kipindi cha Capital Talk pale runinga ya K24. Alipokwenda KTN na kipindi cha Jeff Koinange Live, tulimfuata. Kizungu kilipokuwa kigumu, mwalimu mmoja alifasiri kwa Ekegusii, na fasiri yake ilichekesha kuliko kipindi chenyewe. Sera hazikutushughulisha sana. Mgeni akimtukana mwenzake, meza zilipigwa na chai ikaagizwa tena.

Wanawake hawakukatazwa kuja. Ila mchuma chai wa Kebirigo, anayeingia shambani kabla umande haujakauka, hana usiku wa kuwagawia wanasiasa.

Oktoba 2016 walialikwa kwenye kipindi hicho Miguna Miguna na Esther Passaris, wanasiasa wa Nairobi. Miguna alimtolea Passaris maneno ya kudhalilisha kuhusu ubakaji. Hotelini tulicheka kama desturi.

Zamani yangeishia hapo. Safari hii kipande kile kilikwisha kuingia WhatsApp, kikafika hadi kituo cha kununulia majani ya chai, wanawake wakakitazama wakingoja kupimiwa. Mama mmoja hakumtaja hata Miguna. Aliuliza, "Mwenye kikao alikuwa wapi? Kwa chama chetu, mwenyekiti akiacha mtu atukanwe, faini ya kwanza ni yake."

Ukosoaji ulioenea nchini nao ulimfikia mwendeshaji, si mgeni peke yake. Koinange aliomba radhi, na KTN ikakiondoa kipindi hewani. Mwaka 2017 kilirejea kupitia Citizen, na Agosti mwaka huohuo Passaris akachaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi.

Hotelini tulirudi kutazama, lakini mgeni alipovuka mipaka, macho yalimgeukia Koinange kuona atafanya nini. Hilo hatukufundishwa na mwalimu wetu wa fasiri. Tulifundishwa na watu waliokuwa wamelala kipindi kikiendelea, na tangu hapo siamini kwamba watazamaji wa mjadala wa usiku ni wale tu walio macho.