Daftari la Mvua

Katika kabati letu la vyombo pana daftari moja ambalo mume wangu huliita "kesi ya mawingu". Ndani yake nimechora safu tatu. Ya kwanza ni ya utabiri wa msimu kama ulivyotangazwa. Ya pili ni ya mvua iliyonyesha kweli. Ya tatu ni ya mahindi aliyovuna mama yangu kijijini, wilayani Handeni. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nilianzishe daftari.

Kila mwaka, vuli inapokaribia, mama hunipigia simu na kuuliza: "Mwanangu, ninyi mnaoandika magazeti, mvua mnaionaje?" Mwaka mmoja nilimjibu kwa majivuno ya msomi. Nilikuwa nimeona kichwa cha habari kwamba mvua zitazidi wastani. "Panda mapema, Mama," nilimwambia, "tena panda shamba zima." Mvua ya kwanza ilipoanguka, alitia mbegu zote ardhini. Kisha jua likawaka majuma matatu mfululizo. Mahindi yaliyochipua yakanyauka, na mbegu ya akiba haikuwapo. Mwezi uliofuata mvua ilirudi kwa wingi, ikalinyeshea shamba tupu.

Nilikasirika, nikawaita watabiri waongo. Lakini mdogo wangu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akipima mvua pale nyumbani kwa kopo lililonyooka na rula, alijumlisha milimita za msimu ule, akakuta zimezidi za misimu iliyotangulia. Utabiri ulikuwa sahihi, na ghala la mama lilikuwa tupu. Nikautafuta tena ule utabiri, safari hii nikausoma wote. Chini ya kichwa cha habari palikuwa na maneno ambayo sikuyajali: kwamba mtawanyiko wa mvua hautakuwa mzuri mwanzoni mwa msimu. Kosa halikuwa la watabiri. Lilikuwa langu.

Ndugu msomaji, utabiri wa msimu si ahadi. Wataalamu huchukua mvua za miaka 30 na kuzigawa katika mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Mtu asiyejua lolote akibahatisha, atapatia mara moja katika tatu. Mtaalamu akisema kuna nafasi ya asilimia 45 kwamba mvua itazidi wastani, amesema pia kwamba ipo nafasi ya asilimia 55 kwamba haitazidi. Kwa hiyo hahukumiwi kwa mwaka mmoja. Hukusanywa misimu yote aliyoitaja hivyo, ikaangaliwa kama mvua ilizidi karibu mara 45 katika kila mia.

Vuli hutabirika vizuri kuliko masika, kwa kuwa hufuata zaidi joto la bahari, ambalo hubadilika polepole. El Niño ya mwaka 1997 ilituletea mafuriko makubwa. El Niño ya mwaka 2015 ilikuwa na nguvu kama ile, na wengi tuliogopa, lakini vuli haikufikia ukali wa 1997. Mwaka 2019 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na vuli ikafurika. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema vuli ya juu ya wastani, na ikawa hivyo. Hata hivyo, hakuna utabiri wa msimu ambao ungeweza kuitaja tarehe 3 Desemba, siku tope la mlima Hanang lilipoangukia mji wa Katesh. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema itanyesha shamba la nani.

Nilichukua muda mrefu kumwungamia mama. Nilipomweleza kwamba sikuwa nimesoma utabiri hadi mwisho, alicheka. "Hata barua za marehemu baba yako ulikuwa ukizisoma mstari wa juu tu, kutafuta kama ametaja fedha."

Sasa tuna utaratibu mwingine. Namsomea taarifa yote kwenye simu, pamoja na tarehe za mvua kuanza na vipindi vya ukavu, kisha utabiri wa siku kumi kila unapotoka. Yeye hupanda nusu ya shamba kwa mvua za kwanza, nusu huisubirisha, na muhogo haukosi pembeni. Safu ya kwanza na ya pili za daftari langu bado hugombana mara kwa mara. Lakini katika ile ya tatu, tangu mwaka ule, sijaandika tena sifuri.