Kutoka Lemara Hadi Pangani: Tulipokwenda Kuchagua Chombo cha Familia

Maji ya Mto Themi, yanayoteremka kutoka Mlima Meru na kulikatiza jiji letu la Arusha, hayaishii pale tunapoyapoteza machoni. Huingia Mto Kikuletwa, hulijaza Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Sisi wakazi wa Lemara tuko mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 400 za barabara, lakini kwa njia ya maji watu wa Pangani ni jirani zetu. Kwa familia yetu ujirani huo ni wa damu pia, kwani marehemu baba alitoka huko, na Ami, mdogo wake, yuko huko hadi leo akivua katika chombo cha mtu mwingine na kurudi nyumbani na fungu dogo.

Ndugu wanne tuliweka akiba kwa miaka minne ili tununue chombo chetu cha kwanza. Nia ilikuwa mbili: siku za kazi Ami avue, na siku za likizo na za Idi tuwapeleke watoto wakaione bahari ya babu yao.

Kabla ya safari ndefu tulianza na maji ya karibu. Tulikwenda Ziwa Duluti, Tengeru, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, tukakodi mtumbwi. Mtoto mmoja aliinuka ghafla ili atuoneshe mnandi aliyekuwa akipiga mbizi. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia kidogo, na kwa kitambo hakuna aliyesema neno. Tulipofika ukingoni, mama, aliyekuwa ameketi kivulini akitutazama, aliuliza swali moja tu: "Wanangu, ni nani kati yenu anayejua kuogelea?" Hapakuwa na wa kujibu.

Swali hilo tulisafiri nalo. Njiani tulipita Nyumba ya Mungu, kwani baadhi yetu walipendekeza chombo kikae pale, karibu na Arusha. Perege wa bwawa lile ni watamu, na wavuvi walitupokea vizuri. Lakini walitukumbusha kwamba ziko nyakati serikali hulifunga bwawa ili samaki wazaliane, na zaidi ya hayo mtunzaji wetu yuko pwani. Chombo kisicho na mtunzaji huozea ufukweni. Tukaendelea na safari.

Pangani Ami alitutembeza ufukweni kama mwalimu na wanafunzi wake. Alianza na ngalawa: gogo moja lililochongwa, lenye mirengu miwili inayolizuia lisipinduke. Ni chombo thabiti, gharama yake ni ndogo, na watu wachache hukivuta hadi nchi kavu. Ila ndani ni chembamba mno. Mvuvi hukitosha, lakini bibi na wajukuu hawana pa kukaa. Kisha akatuonesha mashua, iliyoundwa kwa mbao juu ya mkuku na mataruma, pana kiunoni, inayokubali tanga na hata injini nyuma. Mwisho tukaiona boti ya faiba, nyepesi na ya kasi, isiyohitaji kalafati. Lakini kasi hiyo hutegemea petroli kila siku.

Mdogo wetu aliipenda faiba moja iliyopakwa rangi ya buluu, na hatumlaumu, kwani nasi tuliipenda. Bei ilizidi akiba yetu. Muuzaji akasema tuichukue, kilichobaki tulipe kidogo kidogo na nyongeza kila mwezi. Tulitazamana. Hiyo ni riba, hata ikiitwa jina gani, na hatukuwa tayari kuanza riziki ya Ami kwa jambo ambalo Allah ameliharamisha. Mdogo wetu alinuna siku nzima.

Usiku ule tulizungumza kuhusu wale wenye jahazi katika Surat al-Kahf, waliofanya kazi baharini na bado Qur'ani ikawaita masikini. Wanazuoni wa fiqhi wameitumia aya hiyo kueleza kwamba mtu anaweza kumiliki chombo cha kazi na bado akawa na haki ya kuhurumiwa. Tukatambua kwamba tulikuwa tunachagua kwa jicho la mwenye likizo, ilhali anayeingia baharini alfajiri ni Ami, na dhaifu zaidi atakayepakiwa ni mtoto. Chombo hakina budi kupimwa kwa hao wawili.

Asubuhi Ami alitupeleka kwenye mashua ndogo iliyokwishatumika. Alichoma kisu kwenye maungio karibu na mkuku. Mbao ngumu hukikataa kisu, iliyooza hukimeza. Alikagua misumari yenye kutu na kalafati iliyolegea. Kisha akaomba ilale majini usiku mmoja, ili aone maji kiasi gani yatakusanyika kwenye ngama. Mbao mbili zilihitaji kubadilishwa. Bei ikashuka, nasi tukainunua kwa fedha taslimu.

Fedha iliyosalia haikuwa ya injini. Tuliiweka kwa ajili ya jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za kipimo chao. Taifa letu halijaisahau tarehe 10 Septemba 2011, katika mwezi wa Shawwal, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Kumtegemea Allah hakuondoi kumfunga ngamia, wala kumvika mtoto jaketi. Usajili na ukaguzi wa chombo, pamoja na leseni ya uvuvi, tumevishughulikia kwa moyo huo huo. Tukaandika pia, mbele ya mashahidi wawili, nani anamiliki, nani anatunza, na samaki wagawanywe vipi.

Ami ametuwekea masharti yake. Tusitoke siku za kusi kali. Tujifunze bamvua kwa kuutazama mwezi: siku zile nyeupe tunazofunga, yaani 13, 14 na 15, maji yanaelekea bamvua na mkondo wa mlango wa mto huwa na nguvu. Kisiwa cha Maziwe, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, ni hifadhi. Tutakwenda kutembea, si kuvua.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu wa meli moja, ambapo wa chini wakiachwa watoboe sehemu yao, wote huangamia. Familia nayo ni chombo cha namna hiyo. Mashua yetu sasa ina mbao mpya, na Ami anavua. Sisi wa Lemara bado hatujaipanda. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayetoka nayo kutembea kabla hajajifunza kuogelea, na aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha kwa mafunzo ni yule mdogo wetu aliyenuna.

Allah aibariki riziki ya wavuvi wetu, na awarejeshe salama wote walioko baharini. Amin.