Ritifaa ya Lang'at

Msomaji, ukifika Eldoret utasikia majina Lang'at, Ng'etich na Chepng'eno yakiitwa kila mtaa. Ritifaa iliyomo, ndogo kama kiroboto, si pambo; ndiyo itofautishayo sauti ya ng'ombe na ya ngoma. Lakini lugha nyingi za tarakilishi hutumia alama iyo hiyo kufungia maneno, na jina kama hilo likiingizwa ovyo, amri hukatika katikati. Basi wako waandishi wa programu waionao ritifaa kuwa ni takataka, wakaamuru ifutwe.

Katika Python ziko amri mbili zisizofanana. "Strip" hufagia kingoni tu: nafasi tupu za mwanzo na mwisho wa jina huondoka, cha katikati husalimika. "Replace" hupekua jina zima. Ikiagizwa kufuta ritifaa, Lang'at hutoka Langat. Na kwa mashine, isiyo na masikio, hao ni watu wawili. Mwenye cheti cha kuzaliwa chenye ritifaa na cha mtihani kisicho nayo aweza kuzungushwa ofisi hii na ile, akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Tena ritifaa zenyewe ni mbili: iliyonyooka, namba 39, na iliyopinda, namba 8217. Ukifuta moja, ya pili hubaki. Mimi ningeigeuza iliyopinda iwe iliyonyooka, kisha nikaiacha mahali pake.