Karai na Filamu

Msomaji, hapa Githongo, katika miteremko ya Mlima Kenya, usiku ni wa baridi, na nyumba nyingi hutazama filamu wote isipokuwa mpishi. Yeye husikia vicheko tu kutoka jikoni. Dawa ya dhuluma hii naiona katika chakula cha barabarani, kisichodai sahani wala kijiko.

Chemsha viazi mapema, uvimenye, uvichovye katika rojo nzito ya unga wa ngano, chumvi na manjano, kisha uvikaange katika mafuta mengi hata ganda likauke. Mutura sikushauri, kusafisha utumbo ni kazi ya mchana mzima. Kila mtu na amenye, na mwingine akoroge ukwaju. Moto uzimwe, ndipo filamu ianze.

Sisi tulichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Humo kijiji kizima kinamtengenezea filamu Jo, mtoto wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona. Mama yangu, ambaye daima huwa wa mwisho kuketi, alikaa mbele. Kiazi kilimpoa mkononi, wala hakukikumbuka.