Mota Ndogo ya Gari la Kijana Wangu



Mmezoea kunisoma kwenye mambo ya mishono na biashara ndogondogo. Leo nakuja na jambo ambalo hata mimi sikutegemea kuliandikia: namna ya kuchagua mota ndogo ya gari la kuchezea linaloundwa nyumbani tangu mwanzo. Usicheke, dada. Mtoto wa miaka 12 akishashikilia jambo lake, mama naye atalijua tu, apende asipende. Na mimi si mgeni wa mota. Cherehani yangu moja ya miguu niliifunga mota mwenyewe nilipomaliza kozi ya ushonaji, na tangu siku hiyo nikisikia mota inalia vibaya najua kabla haijafa.

Ninyi wa visiwani mko kwenye joto lenu. Huku Oldeani, Karatu, mwezi wa saba mtu anashona na sweta mwilini, na likizo ya baridi watoto hawakai sana nje. Hapo ndipo kijana wangu alipoona kwenye simu yangu magari madogo yanayokimbia kwenye mtaro.

Gari la mtaro ni nini

Si gari la rimoti. Hili halina betri ndani. Njia yake ina mtaro mwembamba katikati, na pembeni ya mtaro kuna tepe mbili za chuma zinazopitisha umeme. Chini ya pua ya gari kuna kipande kinachoingia kwenye mtaro, chenye nyuzi za shaba zinazogusa zile tepe. Umeme unapanda kwenye mota, mota inazungusha gurudumu la nyuma. Mchezaji ana kishikio mkononi. Akibana, umeme unaongezeka. Akiachia, gari linapungua mwendo. Kona anaipima mwenyewe. Akiichukua kwa pupa, gari linaruka nje.

Magari haya yalipata jina Uingereza mwaka 1957, pale Fred Francis alipoonyesha Scalextric kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Kabla ya hapo alikuwa akiuza magari ya bati ya kujaza kama saa. Alichofanya ni kuyatia mota ya umeme na kuyatafutia njia. Nilipomsomea kijana habari hiyo alisema, "Kumbe na yeye alianza na bati." Basi, akapata nguvu.

Gari lake lina umbo la yale ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro, na paa linafunguka. Bodi ni bati la kopo la mafuta ya kupikia. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Magurudumu ni bobini zangu za chuma, zimevishwa lastiki ya kiunoni ili zishike njia. Njia yenyewe ni ubao ambao fundi seremala jirani alitukatia mtaro, na tepe ni shaba tuliyoivua kwenye waya wa zamani. Kilichobaki ni mota.

Redio ya baba

Baba yake alifariki miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu. Alikuwa dereva wa lori, akibeba vitunguu kutoka Mang'ola. Redio yake ya kaseti ipo juu ya kabati, nimeifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Stesheni inashika, ila kaseti ilikuwa haichezi tena hata kabla hajaondoka.

Kijana hakuomba kitu. Aliuliza tu, "Mama, ile mota ya redio ya baba inatumia volti ngapi?" Nikajua anachouliza.

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Shemeji yangu alipopita nikamgusia, akasema, "Shemeji, hiyo ni kumbukumbu. Usimwachie mtoto aivunje." Sikumjibu vibaya, maana alikuwa na haki ya kuumia. Ni kaka yake. Lakini mimi ndiye ninayelala nyumba moja na mtoto ambaye tangu msiba alikuwa hataji jina la baba yake. Akiulizwa, anainama. Nikajiuliza: redio ile inamhifadhia baba yake, au inamziba mdomo? Jumamosi nikaiteremsha, nikachukua bisibisi ya cherehani, nikamwita. "Njoo baba, tufungue taratibu. Kila skrubu iweke kwenye kifuniko, kwa mpangilio."

Mota tuliikuta: kopo la duara, nene, limevaa mpira. Tukaichomoa waya na kuiwekea umeme wa volti 9, ikazunguka kwa utulivu. Tukapandisha hadi 12. Mwendo uleule! Kijana akashangaa. Nikamweleza kwamba mota nyingi za kaseti zina kidhibiti mwendo ndani, maana kaseti ikienda mara haraka mara polepole, sauti ya mwimbaji inapinda. Mota ya namna hiyo hata ukiibana vipi kwa kishikio, haikutii kama gari la mashindano linavyotakiwa kutii.

Akaitazama, akasema, "Hii imefundishwa kwenda mwendo mmoja tu. Kama baba na lori lake."

Akacheka. Nikacheka na mimi, machozi yakinitoka. Akaanza kusimulia safari aliyopelekwa Mang'ola, jinsi magari yote yalivyowapita barabarani na baba yake hakujali. Alizungumza mpaka chai ikapoa.

Tulipokuwa tunairudisha mota, tukaona mkanda wa mpira umelegea kabisa. Kumbe ndio uliozuia kaseti miaka yote. Fundi redio wa Karatu mjini alituuzia mwingine. Redio ya marehemu sasa inacheza kaseti, na shemeji alipokuja tena alikaa kuisikiliza hadi jioni.

Tulivyochagua

Turudi kwenye mota, maana redio ilitufundisha nini cha kuangalia. Mambo ni manne.

La kwanza, ukubwa. Pima nafasi kabla ya kupenda mota. Tulipata moja bapa kutoka kwenye deki ya DVD iliyokufa, ile inayozungusha sahani. Unene wake mdogo, ila kipenyo chake ni milimita 24. Bobini zangu hazifiki hapo, kwa hiyo ukiilaza sambamba na ekseli inakwaruza njia. Mota iliyotufaa ni ile wanaoiita 130, ya magari mengi ya kuchezea: urefu milimita 25 hivi, upana 20, unene 15, na pande mbili ni bapa. Inalala chini ya bati bila kubishana.

La pili, volti. Mota nyingi za magari ya kuchezea zimesukwa kwa betri moja au mbili, yaani volti 1.5 hadi 3. Za magari ya mtaro ya dukani husukwa kwa volti 12, kwa waya mwembamba na mizunguko mingi. Ukiipa ya volti 3 umeme wa 12, itapiga kelele ya furaha, itatoa harufu, itakufa. Sisi tulitumia adapta ya zamani yenye swichi ya kuchagua volti, tukaiweka kwenye 3, baadaye 4.5 kwa muda mfupi, huku tukigusa mota kama imepata moto.

La tatu, nguvu. Mwendo na nguvu ni vitu viwili. Mota inayozunguka kama upepo ikiwa mkononi inaweza kushindwa kuondoa gari. Ishike shafti kwa vidole viwili uone inavyopambana. Halafu, umeme ukiwa haupo, izungushe polepole. Ukihisi inadundadunda kwa nguvu, sumaku yake bado ina uhai.

La nne, gia. Hapa ndipo mota ndogo inapopata msaada. Gia ya meno 8 kwenye mota na ya meno 24 kwenye ekseli maana yake mota inazunguka mara tatu gurudumu likizunguka mara moja. Unapoteza mwendo, unapata nguvu. Kwa hiyo tuliponunua gari bovu la kuchezea mnadani kwa shilingi 2,000, tulinunua mota pamoja na gia zake. Gia za kuokoteza huku na kule meno hayakubaliani.

Kishikio nilikitengeneza kwa akili ya pedali ya cherehani. Pedali nyingi za zamani zina kizuizi cha umeme ndani. Kadiri unavyokanyaga, kizuizi kinapungua, mota inaongeza. Tukachukua kipande cha waya wa koili ya jiko lililokufa, tukaukunja juu ya kijiti, na kipande cha shaba kikawa kinateleza juu yake. Kazi ikaisha.

Sharti langu moja halijadiliwi: hakuna mtoto kugusa umeme wa ukutani. Adapta naichomeka mimi, naichomoa mimi, na ikiwa imepasuka haitumiki. Akina mama, hilo msilegeze.

Majirani wengine wananiuliza kwa nini namwachia kijana aliye karibu na mtihani wa darasa la saba achezee mabati. Nawajibu kwamba hesabu ya meno 8 na 24 aliipigia kelele darasani, lakini mezani kwangu aliifanya mwenyewe bila kuambiwa. Anasoma saa zake, na gari lina saa zake. Mimi sijui atakuwa fundi, dereva au mwalimu. Najua kwamba sasa akifika kutoka shule ananitafuta kwanza kunieleza kitu, na mara nyingi katikati ya maelezo linaingia neno "baba alikuwaga anasema".

Kwa hiyo dada, kama una redio, deki au feni mbovu nyumbani, usikimbilie kuitupa wala kuificha. Kaa chini na mtoto, chukueni bisibisi, mwulize anaona nini ndani. Ukikwama kwenye mota, niandikie, nitakujibu nikimaliza sare za shule nilizonazo mezani. Tuonane wiki ijayo, inshaallah.