Nilivyojenga tangi la samaki la mbao (na likavuja)

Kimya changu kimezidi, najua. Safari hii sikukwama kwenye programu ya mtu wala sikusafiri. Nilikuwa uani kwangu hapa Mombasa, vidole vimegandana kwa gundi, najenga tangi la samaki. Si lile dogo la kuweka mezani. Hili ni la mbao, urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60.

"Mbao na maji?" Mke wangu aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba tangi la ukubwa huo likiwa la kioo kitupu ni zito na ni ghali. Ukitumia plaiwudi unanunua kioo kimoja tu, cha mbele. Pande zilizobaki ni mbao zilizopakwa epoksi ndani. Jibu la pili sikumpa: mimi hushinda mbele ya tarakilishi nikitengeneza vitu visivyoshikika. Nilitamani kwa mara moja kujenga kitu ninachoweza kukigonga kwa kidole.

Haya, tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi huteleza.

Zidisha 180 kwa 60 kwa 60, upate sentimita za ujazo 648,000. Hizo ni lita 648. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo ni kilo 648 za maji peke yake. Ongeza mbao na kioo, umepita kilo 700. Kama unaishi ghorofani, usijaribu kabla ya kumwuliza mhandisi. Mimi nakaa chini, sakafu ni ya zege juu ya ardhi.

Hesabu ya pili ni ya msukumo. Maji hayakai tu, yanasukuma. Juu kabisa msukumo ni sufuri, na unazidi kadiri unavyoshuka. Wastani wake ni sawa na kina cha sentimita 30. Zidisha 30 kwa eneo la ubao wa mbele, yaani 180 kwa 60, upate gramu 324,000. Kilo 324! Ni kama watu wazima watano wameuegemea ubao huo usiku na mchana. Na la ajabu, upana wa tangi kwenda nyuma hauna neno. Liwe na upana wa sentimita 10 au mita 10, kina kikiwa kile kile, msukumo juu ya kioo ni ule ule.

Ndiyo maana nilitumia plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu nyingi, na fremu ya mbao juu ili kuta zisitanuke. Kioo ni cha milimita 12, na kimebandikwa kwa NDANI ya dirisha kwa silikoni. Maji yanakisukuma kikazidi kuibana fremu. Ukikibandika kwa nje, silikoni peke yake ndiyo itakayopigana na maji. Silikoni nayo iwe ile isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, kwani dawa hiyo hudhuru samaki.

Sasa epoksi. Huja katika makopo mawili, na yangu ilichanganywa vipimo viwili kwa kimoja. Usidhani ukizidisha dawa ya kugandisha itaganda haraka zaidi. Haitaganda vizuri maisha yake yote. Ukishachanganya, imwage kwenye sinia pana, kwa sababu inapoganda hutoa joto, na ikirundikana kwenye kikombe joto hilo huiharakisha mpaka ikutokee moshi. Vaa glavu, fungua madirisha, na unapopiga msasa funika pua na mdomo.

Nilipaka asubuhi, nikapata nafasi kabla ya kuanza kazi. Mkono wa kwanza, msasa, mkono wa pili. Iling'aa kama kaunta ya hoteli. Nikaipa wiki nzima ikomae.

Maji ya mfereji hayakuwa yakitoka wiki ile, kwa hiyo nilinunua kwa muuza maji wa mkokoteni. Mitungi 32 ya lita 20. Aliponiona namimina yote ndani ya sanduku la mbao, alinitazama kwa huruma. Binti yangu, ana miaka minne, alibandika pua kwenye kioo akaniuliza samaki wako wapi. Nikamwambia Jumapili.

Usiku wa pili niliamka kunywa maji, nikapitisha mkono chini ya pembe ya mbele upande wa kulia. Unyevu. Nikafuta. Baada ya nusu saa, tone.

Nitakuambieni ukweli nilichofanya. Nilikwenda kuchukua silikoni iliyobaki nikaipaka pale pale, kwa nje, katikati ya usiku, ili mke wangu asione. Asubuhi palikuwa pakavu. Nikafurahi.

Jumamosi akaja ami yangu, kaka yake marehemu baba. Ujanani alikuwa fundi wa vyombo huko Lamu, amekalafati majahazi mpaka mabega yakamchoka. Nilimwonyesha tangi kwa fahari. Akalizunguka kimya. Akafika kwenye pembe, akaigusa silikoni yangu.

"Hapa pana nini, mwanangu?"

"Palikuwa pakivuja kidogo, ami. Nimepaziba."

"Umeziba mlango wa kutokea. Wa kuingilia je, waujua?"

Sikuwa naujua.

Akaketi akanieleza. Jahazi likikaa pwani muda mrefu, mbao hukauka na mishono hufunguka. Ndiyo maana mafundi hushindilia pamba iliyotiwa mafuta kwenye mishono, na chini ya chombo hupaka deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Likishushwa majini huvuja kwanza, kisha mbao hunywa maji, huvimba, mishono hujibana yenyewe. Mbao za chombo zinataka maji. Nikamwambia plaiwudi ni kinyume chake. Ni tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja, na maji yakiingia katikati yake huvimba, huachana na kuoza.

"Basi wewe umeyafungia maji humo humo ndani ya ubao," akasema. "Na huyu mtoto anaegemea hapa?"

Binti yangu alikuwa pale pale, paji la uso kwenye kioo. Nyuma ya kioo kilo 324, na chini yake ubao unaolowa bila mtu kuona. Nilihisi baridi mgongoni. Nilimwondoa mtoto kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikamwita mke wangu nikamweleza habari yote, na ile ya usiku pia. Hakusema mengi. Alileta ndoo.

Tulilimwaga lote. Ami akaingiza mkono ndani akawa anagonga sakafu ya tangi kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua nazi. Ko, ko, ko, halafu: bu. Pembe ya nyuma, upande wa kushoto! Nikamulika tochi. Chini ya epoksi ubao ulikuwa umekuwa mweusi, na juu yake palikuwa na vitundu kama vya sindano, kumi hivi. Maji yaliingia hapo, yakasafiri kati ya tabaka, yakatokea pembe ya pili kabisa.

"Ulipaka saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi, ami."

Akacheka. Hajawahi kushika epoksi maishani mwake, lakini alijua. Mbao ina hewa ndani. Asubuhi jua linapanda, mbao inapata joto, hewa inatanuka na kutoka, inatoboa rangi ambayo haijakauka. Jioni joto linashuka, mbao inavuta ndani, na rangi inazama nayo. Baadaye nilisoma maelezo kwenye kopo. Yamo, kwa maandishi madogo.

Nililikausha tangi wiki mbili, feni ikivuma mchana kutwa. Nikabandua silikoni yangu ya aibu. Nikapiga msasa, nikalaza kitambaa cha faiba juu ya sakafu yote na pembe zake, nikapaka mikono mitatu, kila mmoja baada ya magharibi. Kabla ya kila mkono nilifuta kwa kitambaa chenye maji, maana epoksi huacha utando wa mafuta unaozuia mkono unaofuata usishike. Kisha nikajaza theluthi, nikangoja siku mbili, theluthi nyingine, nikangoja, ndipo nikalijaza.

Jambo la mwisho, kwa wenzangu wa programu. Wiki ile ile niliyopaka silikoni usiku, nilikuwa nimemkabidhi mteja ripoti ya mauzo ambayo jumla yake ilikuwa ikikosea. Sikujua kwa nini. Niliandika mistari miwili ya kusahihisha tarakimu pale mwisho, kwenye ukurasa tu, ikaonekana sawa. Tangi likiwa linakauka nilimpigia simu nikamwambia. Hakufurahi, na siku nne za kutafuta chanzo sikuzilipisha. Mauzo yaliyofanywa mtandao ukikatika yalikuwa yakiandikwa mara mbili. Lilikuwa mbali kabisa na ile jumla.

Leo ni wiki ya tatu. Nimebandika kipande cha utepe kwenye usawa wa maji, na yakipungua ni kwa mvuke tu. Pembe zote ni kavu, nazipapasa kila usiku kabla ya kulala. Samaki waliingia juzi, sita wadogo, na binti yangu amempa kila mmoja jina la shangazi zake. Anaruhusiwa kukaribia kioo. Kukiegemea bado.

Haya, nikomee hapa. Ukijenga lako, paka jioni.